SOMO LA WIKI: Kutuma malipo nje, gharama kubwa imo ndani ya kiwango

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuona jedwali la fedha za kigeni likiwa na safu mbili, ya kununua na ya kuuza. Wengi hutazama safu moja tu, ile inayowahusu siku hiyo, kisha hupita kwenda kwenye bei za hisa au za mazao. Somo la wiki hii linahusu nafasi iliyo katikati ya safu hizo mbili. Huko ndiko zinakokwenda fedha nyingi za wafanyabiashara wanaolipa Dubai, Guangzhou, Mumbai au Nairobi, na za wale wanaolipwa kutoka nje kwa kazi wanazozifanya kwa njia ya mtandao.

Benki inapokuuzia dola haiandiki faida yake yote kwenye risiti. Sehemu kubwa huiweka ndani ya bei. Mabenki huuziana fedha za kigeni yenyewe kwa yenyewe, na Benki Kuu ya Tanzania hutangaza kila siku ya kazi wastani wa soko hilo. Benki Kuu ya Kenya nayo hutangaza viwango vyake vya wastani. Namba hiyo ndiyo kipimo. Mfanyabiashara anayekwenda kaunta bila kuijua ni sawa na mnunuzi wa mahindi anayeingia sokoni bila kujua bei ya gunia.

Tuchukue namba za kufundishia tu, zisizo bei ya siku yoyote. Tuseme wastani wa soko ni Sh. 2,500 kwa dola moja. Mfanyabiashara wa vipuri anatakiwa kulipa Dola 4,000 kwa muuzaji wake wa China. Benki ya kwanza inamwambia kwamba kutuma ni bure, haina kamisheni, na inamuuzia dola kwa Sh. 2,575. Benki ya pili inamtoza Dola 40 kwa kila TT, ila dola inauza kwa Sh. 2,525. Wengi watakimbilia ile ya kwanza kwa sababu ya neno "bure".

Hesabu inasema vingine. Katika benki ya kwanza amelipa Sh. 75 zaidi ya wastani kwa kila dola, na kwa dola 4,000 hiyo ni Sh. 300,000. Katika benki ya pili amelipa Sh. 25 zaidi kwa kila dola, yaani Sh. 100,000, na kamisheni ya Dola 40 ambayo kwa kiwango chake ni Sh. 101,000. Jumla Sh. 201,000. Ile iliyotangazwa kuwa ya bure imemgharimu karibu laki moja zaidi.

Sasa tupunguze malipo yawe Dola 300. Benki ya "bure" itamgharimu Sh. 22,500. Ile yenye kamisheni itamgharimu Sh. 7,500 za kiwango na Sh. 101,000 za kamisheni, jumla Sh. 108,500, ambazo ni zaidi ya asilimia 14 ya fedha anazotuma. Mambo yamegeuka kabisa. Katika mfano huu mpaka uko kwenye Dola 2,020: chini ya hapo benki isiyo na kamisheni ni nafuu, juu ya hapo ni ghali. Kwa hiyo swali la "benki gani ni rahisi" halina jibu moja. Kila mtu atafute mpaka wake kwa kuchukua kamisheni ya kudumu kwa shilingi na kuigawa kwa tofauti ya viwango viwili. Ni hesabu ya dakika mbili kwa simu ya mkononi.

Mtu asione hizi ni senti za kubishania. Mwagizaji ambaye faida yake baada ya ushuru na usafiri ni asilimia 8, na anayeacha asilimia 4 katika kubadilisha na kutuma, amegawana faida nusu kwa nusu na watu wasiobeba hasara yoyote mzigo ukikwama bandarini.

Swali la kuuliza kaunta, iwe ni benki, kampuni ya kutuma fedha au wakala wa simu, ni moja: nikikupa shilingi hizi zote, mtu wa upande wa pili atapata kiasi gani mkononi? Wenye kutoza haki hujibu kwa namba moja. Anayeanza kueleza habari za "promosheni" hajajibu.

Benki za katikati

Makato hayaishii kwenye benki yako. Benki nyingi za Afrika Mashariki hazina akaunti moja kwa moja katika benki ya muuzaji wako. Dola hupitia benki wakala, mara nyingi New York, na pengine mbili kabla ya kufika. Kila moja inaweza kukata chake. Ujumbe wa malipo husafiri kwa mtandao wa SWIFT, shirika lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1973, lakini SWIFT hubeba ujumbe tu. Fedha zenyewe huhama katika vitabu vya mabenki.

Ndiyo maana fomu ya TT ina sehemu ambayo wengi huiacha karani aijaze: nani atalipa gharama. Kuna maneno matatu. OUR maana yake mtumaji analipa zote. SHA maana yake mtumaji analipa benki yake, na makato mengine yanamwangukia mpokeaji. BEN maana yake yote yanamwangukia mpokeaji. Ukinyamaza, benki nyingi hukuandikia SHA.

Matokeo yake yanajulikana sana kwa waagizaji. Ankara ni Dola 4,000, umetuma Dola 4,000, muuzaji anaandika kwamba amepokea Dola 3,960. Hapo huanza mabishano. Muuzaji mwenye moyo mgumu atazuia hati ya shehena, ile B/L, hadi alipwe Dola 40 zilizobaki, na kutuma Dola 40 kwa TT ya Dola 40 ni kichekesho kisichochekesha. Wakati huo kontena liko njiani, na likifika kabla ya hati, gharama za kuhifadhi bandarini huhesabiwa kwa siku.

Kwa malipo ya ankara za bidhaa, ukurasa huu unaona OUR ni bora hata kama benki yako inaongeza kitu juu yake, kwa kuwa unajua mapema unalipa nini. Kwa kumtumia ndugu au kulipa mtu asiyejali pungufu ya dola chache, SHA inatosha. Ila OUR si kinga kamili. Ziko benki za njiani ambazo hukata hata hivyo. Dawa ni kukubaliana na muuzaji ndani ya ankara ya awali kwamba upungufu mdogo wa makato ya benki, tuseme usiozidi Dola 50, utaingizwa kwenye oda inayofuata. Wauzaji wa China na Dubai wanaufahamu utaratibu huo na ni wachache wanaoukataa kwa mteja wa kudumu.

Kuhusu kukusanya malipo. Katika mfano wetu, anayetuma Dola 4,000 kwa mara moja kupitia benki ya pili hulipa Sh. 201,000. Akizigawa mara nne za Dola 1,000 atalipa Sh. 504,000. Kukusanya kunalipa. Hata hivyo mtu asijiingize kwenye hatari kubwa kwa kukimbia kamisheni ndogo. Masharti ya kawaida ya biashara ya China ni asilimia 30 mwanzo na asilimia 70 kabla mzigo haujapakiwa au baada ya kuona nakala ya hati. Kulipa zote mwanzo kwa muuzaji usiyemjua ili kuokoa TT moja ni kuweka akiba ya laki moja na kuhatarisha milioni kumi.

Kubadilisha mara mbili

Hasara iliyofichika kuliko zote ni ya fedha kupitia dola wakati haihitaji kupita huko, au kupita mara mbili.

Mfano wa karibu ni biashara ya Tanzania na Kenya. Mtu wa Arusha anayelipa bidhaa Nairobi mara nyingi hubadilisha shilingi ya Tanzania kuwa dola, na dola kuwa shilingi ya Kenya. Tuseme wastani ni Sh. 2,500 za Tanzania na Sh. 130 za Kenya kwa dola. Shilingi moja ya Kenya ingepaswa kuwa Sh. 19.23. Lakini dola ameinunua kwa Sh. 2,550, na kule imenunuliwa kwa Sh. 127.40. Kila upande umechukua asilimia 2 tu, kiasi ambacho hakuna anayekipigia kelele. Shilingi ya Kenya imemfikia kwa Sh. 20.02. Kwa malipo ya Sh. 500,000 za Kenya, hiyo ni takribani Sh. 392,000 za Tanzania zilizoyeyuka.

Nchi za Jumuiya zina njia iliyotengenezwa kwa ajili ya jambo hili. Mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, ulioanza kazi miaka ya 2013 na 2014, unaunganisha mifumo ya malipo ya benki kuu za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, ili fedha za nchi moja ziende nyingine bila kuzunguka New York. Makarani wengi hawautaji wenyewe. Mteja auulize kwa jina. Tena akumbuke kwamba EAPS hupunguza gharama ya njia, si bei ya kubadilisha. Shilingi ya Kenya utakayoituma bado utainunua kwa benki yako, na hapo hesabu ya kiwango inarudi palepale. Mwenye mauzo na manunuzi Kenya afungue akaunti ya shilingi ya Kenya, alipie humo na apokelee humo.

M-Pesa nayo huvuka mpaka kati ya Tanzania na Kenya tangu 2015. Ni ya haraka na kwa kiasi kidogo inafaa sana. Kwa kiasi kikubwa angalia kiwango kinachoonekana kwenye ujumbe kabla hujaweka namba ya siri. Ada yaweza kuwa ndogo na kiwango kikawa kibaya. Taarifa za Benki ya Dunia kuhusu bei za kutuma fedha zimeitaja kwa miaka kadhaa njia ya kutoka Tanzania kwenda nchi jirani kuwa miongoni mwa zilizo ghali zaidi. Kwa miaka ya 2023 na 2024 wastani wa kutuma Dola 200 kwenda Afrika kusini mwa Sahara ulikuwa karibu asilimia 8, wakati wastani wa dunia ulikuwa kati ya asilimia 6 na 7. Lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Safari bado.

Upande wa Ghuba kuna faida ambayo wafanyabiashara wengi hawaitumii. Dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997. Haipandi wala haishuki. Kwa hiyo ukituma dola na mpokeaji wa Dubai akahesabiwa dirham 3.60, hakuna cha "soko limebadilika". Kwa Dola 10,000 amepokea dirham 36,000 badala ya 36,725, na dirham 725 zimebaki kwa aliyebadilisha. Muulize muuzaji wako wa Deira kama ana akaunti ya dola; akiwa nayo, fedha zisibadilishwe kabisa.

Vivyo hivyo riali ya Oman, ambayo tangu 1986 ni takribani Dola 2.60. Ndugu zetu walioko Muscat wanaotuma Unguja, Pemba au Mombasa wanaweza kuikagua nyumba ya fedha kwa kuzidisha tu. Dola ikiwa Sh. 2,500, riali inapaswa kukaribia Sh. 6,500. Ukipewa Sh. 6,350, umekatwa zaidi ya asilimia 2 kabla ya ada iliyoandikwa kwenye risiti.

Mwenye kupata dola na kutumia dola ajihadhari na kuzigeuza shilingi bila sababu. Anayeuza dola zake Sh. 2,450 mwezi huu na kuzinunua tena Sh. 2,550 mwezi ujao amepoteza Sh. 100 kwa kila dola, hata kama soko halikusogea. Kwa Dola 5,000 ni nusu milioni. Kanuni za Tanzania za mwaka 2025 zilizokataza bei za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni zimewatia watu hofu isiyo ya lazima. Zinahusu kuuziana ndani ya nchi. Hazikufuta akaunti za dola wala kulipa ankara ya nje kwa dola.

Kadi na malipo ya mtandao

Ukilipa kwa kadi hoteli, tiketi ya ndege au matangazo ya biashara kwenye mtandao, ukurasa wa malipo wakati mwingine hukuuliza: ulipe kwa dola au kwa shilingi ya kwenu? Shilingi inaonekana ya kirafiki. Mara nyingi ndiyo ghali, kwa sababu anayebadilisha ni kampuni inayomhudumia muuzaji, kwa kiwango inachojipangia. Chagua fedha ya muuzaji, uiache benki yako ibadilishe. Hata hapo uliza benki yako inaongeza asilimia ngapi kwa malipo ya nje. Mwenye akaunti ya dola aombe kadi iliyofungwa kwenye akaunti hiyo, si ile ya shilingi.

PayPal ina mtego wa aina hiyo. Kiwango chake cha kubadilisha huwa na nyongeza ambayo kwa masharti yake ni kama asilimia 3 hadi 4 kulingana na aina ya malipo. Unapolipa kwa kadi kupitia PayPal unaweza kuchagua aliyetoa kadi ndiye abadilishe. Kitufe hicho kipo, ila kimewekwa mahali pa kutafutwa. Kwa wanaolipwa kupitia huko, kama Wakenya wanaoandika, kutafsiri au kuchora kwa wateja wa Ulaya na Marekani, kutoa kidogo kidogo na kutoa kwa mkupuo havilingani. Angalia kama ada ya kutoa ni ya kudumu au ya asilimia kabla ya kujizoesha kutoa kila Ijumaa.

Wise, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 2011 na Waestonia wawili, Taavet Hinrikus na Kristo Käärmann, ilijijengea jina kwa kubadilisha kwa kiwango cha wastani na kuandika ada yake kando. Si lazima iwe nafuu kila siku na kwa kila nchi. Sifa yake ni kwamba unaona unacholipa, na hata usipoitumia, hesabu yake ni kipimo kizuri cha kuwabana wengine.

Walioko Marekani wana jambo jipya la kuangalia. Tangu tarehe 1 Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje kama zimelipiwa kwa pesa taslimu au hati ya malipo ya taslimu. Anayelipia kutoka akaunti ya benki au kwa kadi iliyotolewa Marekani haimgusi. Ila kadi ya mkopo isitumike hovyo. Benki nyingi huhesabu kutuma fedha kwa kadi hiyo kama umechukua taslimu, na riba huanza siku hiyohiyo.

Wapo wanaosema haya yote yamepitwa na wakati, kwamba mtu alipe kwa USDT. Tunaijua biashara hiyo ilivyoenea Kariakoo na Eastleigh. Gharama yake si sifuri, kwani anayekuuzia naye ana kiwango chake. China ilitangaza miamala ya namna hiyo kuwa haramu mwaka 2021, kwa hiyo muuzaji anayeipokea anaweza kukukana. Na wewe utabaki bila karatasi ya benki ya kuonyesha forodha na mamlaka ya kodi umelipa nini.

Mwenye malipo ya Dola 10,000 na kuendelea asikubali kiwango cha ubao. Ubao ni wa wateja wadogo. Aombe kuzungumza na chumba cha fedha za kigeni cha benki, apate bei ya angalau benki mbili ndani ya saa moja, kwa sababu bei ya asubuhi si kipimo cha bei ya jioni. Apige simu siku chache kabla ya tarehe ya kulipa. Wanaouza dola hutambua mara moja sauti ya mtu ambaye ankara yake inaisha kesho.

Malipo yakifika pungufu, usibishane na muuzaji kwa maneno. Omba benki yako nakala ya ujumbe wa malipo pamoja na namba ya kufuatilia, ile ndefu yenye herufi na tarakimu. Kwenye nakala hiyo tazama kiasi kilichotumwa, neno la gharama kama ni OUR au SHA, na mistari ya makato. Kama uliandika OUR kwenye fomu na ujumbe ukatoka na SHA, kosa ni la benki yako, na nakala ya fomu yenye muhuri ndiyo utakayowekea mezani unapodai urudishiwe. Usiitupe fomu hiyo kabla mzigo haujatoka bandarini.